Koleo la kuchimbia choo porini: misimu mitatu mkononi mwangu

Nimekaa na koleo hili misimu mitatu kabla ya kuandika chochote, maana kifaa cha namna hii hukijui kwa kukishika dukani. Dukani kila koleo ni zuri. Utalijua siku umeamka giza bado halijaondoka, mvua inanyesha, tumbo limekubana, na ardhi iliyo mbele yako ni mizizi mitupu.

Lenyewe ni bati la alumini, kipande kimoja kilichokunjwa likawa kama ulimi. Halina mpini wa mbao wala wa plastiki. Urefu wake hauzidi kiganja changu na vidole, na uzito wake ni gramu 17. Siku ya kwanza nililitia mfuko wa shati nikalisahau humo hadi jioni. Pembeni mwa ncha lina meno madogo ya kukatia mizizi, na upande wa ndani limechorwa mistari ya kupimia kina. Kwenye pakiti limeandikwa kuwa ni la mtu anayelala porini popote, bila kumtegemea mtu. Maneno hayo nitayarudia, kwa sababu ndiyo yanayonikera.

Tuanze na kazi yake. Shimo la haja porini linatakiwa lishuke sentimita 15 hadi 20, na liwe mbali na maji, mbali na njia, mbali na hema. Wanaofundisha mambo haya Marekani wanasema mita 60. Miongozo ya Scotland inasema angalau mita 30 kutoka kwenye maji. Kina hicho hakikuwekwa kwa kubahatisha. Tabaka la juu la udongo ndilo lililo hai, lenye bakteria, kuvu, minyoo na wadudu wanaokula na kuozesha. Ukifukia juujuu, mvua ya kwanza inafukua, au mnyama anafukua, na inzi wanafika. Ukishuka sana unaingia kwenye udongo wa baridi usio na hewa, na huko kitu kinakaa kama ulivyokiacha.

Kwa kisigino cha kiatu hufiki sentimita 15. Kwa kijiti hufiki. Nilifanya hivyo miaka mingi na najua unapoishia: kisigino kinakupa sentimita tano, unaweka jiwe juu, unaondoka. Jiwe halifukii kitu. Chini ya jiwe hakuna joto la jua wala udongo wa kuchanganyika na uchafu, kwa hiyo unadumu kuliko hata ungeachwa wazi.

Kwa koleo hili, kwenye msitu wenye udongo mweusi laini, nachimba shimo kamili kwa dakika mbili. Kwenye nyasi ndipo lilipoushinda moyo wangu. Nachoma ncha pande nne, kama mtu anayekata kipande cha keki, kisha nalipitisha chini kwa ulalo na kuinua bonge zima la nyasi pamoja na mizizi yake na udongo ulioshikana nayo. Bonge naliweka kando, majani yakitazama juu. Nachimba chini yake. Nikimaliza narudisha udongo, nakoroga kidogo kwa kijiti, narudisha bonge mahali pake kama mfuniko wa chungu, nalikanyaga mara mbili kwa unyayo. Nimewahi kurudi kwenye eneo lilelile baada ya wiki tatu nikitafuta kwa makusudi. Sikuona mshono.

Kwenye kokoto linashindwa. Bati ni jembamba, na ncha ikigonga jiwe inajikunja. Yangu imejikunja mara mbili nikainyoosha kwa kuibana kati ya mawe mawili. Ipo mbinu inayosaidia: ligeuze, shika upande mpana, uchimbe kwa upande mwembamba wa mpini, ambao unapenya katikati ya kokoto kama patasi. Lakini hapo makali ya upande mpana yanakukata kiganjani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na alama nyekundu wiki nzima. Sasa nazungushia soksi. Aliyelitengeneza angeweza kukunja ile kingo milimita mbili tu kwa ndani na shida ingeisha, na sioni kwa nini hakufanya hivyo. Kwa hilo nalinyima nyota moja.

Sasa niseme nililinunua kwa nini, maana bila hilo tathmini hii haijakamilika.

Miaka saba nililala kwenye ardhi za watu bila kuomba ruhusa. Nilikuwa na kanuni zangu nilizojivunia: fika jua likizama, ondoka kabla halijapanda, usiwashe taa kali, usionekane. Niliamini kwa dhati kuwa mtu asiyeonekana hana madhara. Sikuacha chupa, sikuacha mfuko. Karatasi ya chooni niliiweka chini ya jiwe.

Asubuhi moja nilipitiwa na usingizi. Nilitoka hemani jua limeshapanda nikakuta mama mmoja wa makamo amesimama kwenye chemchemi, ndoo mkononi, ananitazama. Sikuwa na pa kujificha. Nikamsalimia. Akaitikia, wala hakupandisha sauti.

"Mwanangu, umelala hapa?"

"Ndiyo, mama. Samahani, nilikuwa naondoka sasa hivi."

"Usiondoke. Njoo kwanza nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka nyuma ya jabali kubwa, hatua kama ishirini kutoka kwenye chemchemi. Palikuwa na mawe madogo yamepangwa juu ya nyasi, na kando ya kila jiwe kipande cheupe kinachopepea. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Nilikuwa nimelala pale mara mbili kabla ya siku hiyo, kwa hiyo mawili kati ya hayo naweza kuwa niliyapanga kwa mikono yangu. Nyingine hazikuwa karatasi. Zilikuwa zile tishu zenye unyevunyevu za kufutia watoto, ambazo nyingi zina nyuzi za plastiki na haziozi. Maji ya chemchemi ile yanaingia kwenye bomba linaloteremka hadi kwenye hori la ng'ombe wake na jikoni kwake.

"Kila mmoja wenu anadhani yuko peke yake," akasema.

Sentensi hiyo sijaisahau. Ilinifungua macho kwa jambo ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulitatua, nami nitalifikia. Lakini kwanza alinieleza habari ya ng'ombe, na hii kila anayelala porini anapaswa kuijua. Tegu anayekaa kwenye utumbo wa binadamu anatoa mayai yake kupitia kinyesi. Mayai yakibaki juu ya majani yanaweza kuishi miezi kadhaa. Ng'ombe akila majani hayo, mayai yanaanguliwa ndani yake na kujenga vifuko kwenye misuli, na siku ya kuchinjwa mkaguzi anaikataa nyama. Ng'ombe alikuwa mzima machoni pa mwenye mali mpaka siku ile. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtu aliyepita na hema.

Akanionyesha na kitu kingine, kigingi chembamba cha hema kilichokatika, anakihifadhi dirishani. Daktari wa mifugo alikitoa kwenye tumbo la mtamba wake. Ng'ombe hachambui chakula kwa midomo kama mbuzi. Anavuta majani kwa ulimi na kumeza, chuma na vyote, na chuma kikikaa kwenye tumbo la pili kinaweza kutoboa kuelekea moyoni. Tangu siku hiyo nahesabu vigingi vyangu kwa sauti wakati wa kufunga hema. Vinane vilivyoingia, vinane vinatoka.

Wiki iliyofuata nikanunua koleo.

Limenibadilisha tabia, nasema wazi. Kwa sababu lina alama za kina, unaona kwa macho kwamba bado hujafika. Kwa sababu halina uzito, huna kisingizio cha kuliacha. Karatasi sasa siifukii hata kidogo. Naitia kwenye mfuko wenye zipu uliozungushiwa utepe mweusi nje usionyeshe, naondoka nayo. Mwanzoni nilihisi kinyaa. Baada ya safari tatu ni kazi kama ya kusafisha sufuria.

Ila muuzaji anataka uamini kwamba ukishakuwa na shimo zuri, umemaliza deni lako kwa ardhi. Hapo ananidanganya, na ndipo ninapotaka anayesoma asimame na mimi kidogo.

Shimo moja zuri ni sawa. Mashimo mia mazuri kwenye ukingo wa ziwa moja, msimu mmoja, ni choo kisicho na ukuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulifukia kinyesi chenye bakteria kwenye milima ya Montana, Marekani. Ulipopita msimu wa baridi, bakteria wa Salmonella walikuwa bado hai, na wale waliofukiwa chini zaidi hawakuwa wamekufa upesi kuliko wa juu. Kwenye ardhi ya baridi, basi, shimo linaficha na kuwazuia inzi na ng'ombe, lakini uchafu unabaki humo muda mrefu kuliko tunavyopenda kuwaza. Ndiyo maana kwenye Mlima Whitney, California, ambako wapandaji ni wengi na udongo ni mchache, hakuna habari ya shimo tena: kila mtu anabeba mfuko maalumu na kuteremka na kinyesi chake mpaka chini.

Na nyasi nazo zina hesabu yao. Waliopima maeneo ya kambi kwa miaka mingi wamekuta jambo ambalo mimi sikulitegemea: uharibifu mkubwa unatokea katika siku chache za mwanzo. Mahali ambapo hapajawahi kulaliwa, siku chache tu za kukanyagwa zinaua sehemu kubwa ya mimea; baada ya hapo ukiongeza watu mahali palepale, hali haizidi kuharibika kwa kasi ileile. Kupona kunachukua miaka. Kwa hiyo mimi niliyekuwa najitafutia kila mara kona mpya isiyoguswa na mtu, nikidhani nasambaza mzigo, nilikuwa nafungua vidonda vipya. Ningelala palipokwisha kukanyagwa, au kwenye mchanga, au kwenye changarawe, ningekuwa nimefanya jema zaidi.

Haya yote hayasomeki kwenye ardhi ukifika jioni na tochi. Huwezi kujua kama jana walilala watu sita. Huwezi kujua bomba linapita wapi, wala kwamba kwenye nyasi zile fupi kuna ndege anayetaga chini, ambaye akifukuzwa kwenye mayai usiku wa baridi mayai yanapoa na hayaanguliwi. Anayejua ni yule anayeishi pale au kusimamia pale. Ruhusa nilikuwa naiona kama kumpigia mtu magoti kwa sababu ana hati ya ardhi. Sasa naiona ndiyo njia pekee ya kupata habari hizo. Mama yule angeniambia kwa nusu dakika: usilale kwenye chemchemi, panda pale juu kwenye changarawe.

Sisemi haki ya kulala nje ifutwe. Nchi zilizoiandika haki hiyo ziliiandika na masharti yake, na masharti ndiyo yanayoiweka hai. Norway ina sheria tangu mwaka 1957: kwenye ardhi isiyolimwa unaweza kulala bila kumwomba mtu, lakini hema liwe angalau mita 150 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa, na usizidi siku mbili mahali pamoja bila ruhusa ya mwenyewe. Scotland iliingiza haki yake kwenye sheria ya mwaka 2003, kwa anayeitumia kwa uangalifu. Hata hivyo, kwenye mbuga ya taifa ya Loch Lomond na Trossachs walichoshwa na mahema yaliyotelekezwa, miti iliyokatwa na majivu ufukweni. Tangu Machi 2017, kuanzia Machi hadi Septemba, kwenye kingo za maziwa zilizotengwa unahitaji kibali au ulale kwenye kambi rasmi. Haki ilikuwepo, wachache wakaila yote, na waliobaki wanapanga foleni ya kibali.

Nyanda za juu za Dartmoor, kule England, nilifuatilia kesi yake mwanzo mpaka mwisho kwa moyo unaodunda. Sheria ya mwaka 1985 inawaruhusu watu kuingia kwenye ardhi ya malisho ya pamoja kwa mapumziko ya nje. Wenye ardhi wakaenda mahakamani wakisema kulala hemani si mapumziko ya namna hiyo. Januari 2023 wakashinda. Julai mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikautengua ushindi wao. Na Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba haki ipo. Nilifurahi sana. Lakini nilipofurahi nilikumbuka lile jabali, nikajiuliza ni wangapi kati yetu tuliofurahi wana koleo begini. Na sehemu nyingi za England nje ya hapo, bila ruhusa ya mwenye ardhi huna haki ya kusimika hema, hata uwe msafi namna gani.

Nirudi kwenye pakiti, kwa sababu ina kosa lingine kubwa kuliko yale maneno. Kuna picha mbili za matumizi. Ya kwanza inaonyesha kijana akichimba mtaro kuzunguka hema ili maji ya mvua yapite. Tafadhali usifanye hivyo. Mtaro unakata mizizi ya nyasi kwa mduara mzima, maji yanaufuata, na msimu ukiisha umekuwa korongo dogo. Hema zuri lililosimikwa mahali palipoinuka kidogo halihitaji mtaro.

Picha ya pili inaonyesha shimo la moto. Hiyo ni hatari. Kuna ardhi ambayo udongo wake wenyewe ni mimea iliyooza na kushindiliwa karne na karne. Ukichimba humo na kuwasha moto, umewasha udongo. Moto unaingia chini, unatembea na mizizi bila mwali, unaweza kuibuka mbali na hapo siku kadhaa baada ya wewe kwenda nyumbani ukiwa na uhakika kwamba ulimwaga maji. Mei 2020, msitu wa Wareham, kusini mwa England, uliungua zaidi ya hekta 150, na zimamoto walikuta humo majiko ya kuchomea nyama yale ya kutumia mara moja na kutupa. Wanyama watambaao wenye mwendo wa polepole hawana pa kukimbilia. Mimi natumia jiko dogo la gesi juu ya jiwe bapa, na baridi ikizidi naingia kwenye mfuko wa kulalia. Natamani kampuni iondoe picha ile kabla msimu ujao haujaanza. Nimewaandikia mara mbili na sijapata jibu.

Kuhusu uimara, baada ya misimu mitatu, usiku wa nje upatao sitini, meno ya pembeni yamepungua makali lakini bado yanakata mzizi wa unene wa penseli. Rangi imechubuka ncha nzima. Mistari ya kina inafutika, nami nimeikwaruza upya kwa msumari. Wangeichonga badala ya kuipaka. Linaoshwa kirahisi kwa kulichoma mara kadhaa kwenye udongo safi, na kwa sababu halina kona za ndani, uchafu haujifichi. Nalihifadhi kwenye kifuko chake pamoja na sabuni ndogo, na kifuko hicho hakichanganyiki na vyombo vya kulia.

Kama ardhi unayokwenda ni ya mawe, nunua lile la chuma kisichoshika kutu, zito mara tano au sita, ukubali mzigo. Kama ni msitu, nyasi au ardhi ya mboji, hili linatosha na zaidi. Kama unasafiri na wenzako, kila mtu awe na lake. Koleo moja la kundi linaishia mtu mmoja kuona haya kuliomba usiku, na hapo ndipo jiwe linaporudi kazini. Nyota nne.

Kwa yule mama nimerudi mara tano, na zote nimepiga simu kwanza. Mara moja aliniambia hapana, kulikuwa na ng'ombe wanaozaa, nikalala kwenye kambi ya kulipia bonde la pili. Mara nyingine ananielekeza kwenye changarawe. Msimu uliopita aliliomba koleo langu alijaribu. Alipiga goti, akachoma ncha, akainua bonge la nyasi, akaligeuza kuangalia mizizi yake, akalirudisha na kulipapasa kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto.

"Jembamba mno," akasema, "lakini linafanya kazi. Niletee mawili."

Nikampelekea mawili. Yananing'inia kwa kamba kwenye lango lake, juu ya kibao alichoandika namba yake ya simu, na anayebisha kuomba mahali pa kulala anaondoka nalo moja na kulirudisha asubuhi. Nilipopita mara ya mwisho moja lilikuwa limekunjwa ncha na kunyooshwa kwa jiwe, kama langu.